TUNUNUE MSUMENO GANI WA KUKATIA CHUMA?

(Maneno ya Katibu wa Chama katika mkutano wa wanachama wa ushirika. Yameandikwa hapa ili na asiyefika asome.)



Tunazungumzia fedha yetu sote. Tumekubaliana karakana ndogo iwe uani kwa mwenzetu fundi, ili plau na mikokoteni yetu isipelekwe tena Mpanda mjini kila ikivunjika. Kilichobaki ni msumeno. Vijana wanataka mashine kubwa. Wazee wanasema wa mkono unatosha. Mimi nasema tutazame kazi yenyewe: kukata nondo, chuma cha pembe cha mikokoteni, bomba na bati. Ndugu zetu wa Ufipa waliyeyusha chuma kwenye malungu na kufua majembe kabla ya mkoloni kuja. Chuma si kitu kigeni kwetu.

KWANZA, msumeno wa mkono. Wembe wake una inchi 12. Wengi tunauliza bei, hatuhesabu meno. Juu yake imeandikwa 18, 24 au 32; hayo ni meno katika kila inchi moja. Sheria ni kwamba meno yasiyopungua matatu yaguse chuma wakati wote. Kwa hiyo 18 ni ya nondo nene, 24 ni ya chuma cha pembe, 32 ni ya bomba jembamba na bati. Ukikata bati kwa meno 18, jino linanasa na kung'oka, halafu tunamlaumu mwenye duka. Meno yatazame mbele, maana msumeno huu hukata ukisukumwa. Na usiende mbio. Mara 50 au 60 kwa dakika zinatosha. Ukiharakisha, wembe unapata moto na kuwa butu.

PILI, grenda ndogo. Jiwe lake ni la inchi 4 na nusu, na huweza kuzunguka mara 11,000 kwa dakika. Inakata upesi, sikatai. Lakini wapo vijana wanaong'oa kinga yake ili wafunge jiwe la inchi 9. Hiyo ni hatari ya kifo. Jiwe la inchi 9 limetengenezwa kwa mizunguko kama 6,600 tu; likizidishwa hupasuka na vipande huruka kama risasi. Namba hiyo imeandikwa kwenye jiwe, na tarehe ya mwisho ya kulitumia imepigwa kwenye pete ya katikati. Tusome! Kisomo cha watu wazima si cha barua peke yake.

TATU, mashine kubwa ya jiwe la inchi 14. Hiyo hutaka umeme wa wati 2,000 na zaidi, na inapoanza kuzunguka huvuta mara mbili au tatu ya hapo. Jenereta ya ushirika ni ya wati 2,000. Itazimika. Basi tutanunua na jenereta nyingine, na fedha ya mbolea itakuwa imekwenda, mvua ya Novemba nayo haitusubiri.

Ndugu zangu, mama mmoja aliniuliza: "Katibu, kijana akipofuka, ushirika utamnunulia jicho?" Sikuwa na jibu. Kumbukeni karakana iko nyumbani kwa watu. Kuna watoto, kuna paa la nyasi, kuna petroli ya jenereta. Cheche za grenda huruka mita nyingi.

Kwa hiyo napendekeza:

1. Tununue sasa msumeno wa mkono, nyembe za namba zote tatu, na jiliwa imara la kubania chuma. Chuma kisichobanwa huvunja wembe.

2. Tununue grenda ndogo moja yenye kinga. Jenereta yetu inaiweza. Miwani inunuliwe siku hiyo hiyo, si baadaye. Bila miwani, hakuna kuwasha.

3. Grenda itumike mbali na nyasi na petroli, ndoo ya mchanga ikiwa karibu, watoto wakiwa nje ya ua.

4. Mashine kubwa ingoje mpaka tupate umeme wa kuitosha. Kabla ya hapo tukaulize SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo.

Mwenye hoja nyingine aseme, tupige kura.

Uhuru na Kazi!