Tupige Picha za Tembe Zingali Zimesimama

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Dodoma)



Nimeombwa niseme juu ya upigaji picha. Nitasema habari ya tembe tu, kwa kuwa muda ni mfupi na tembe nazo zinakwisha.

Tembe ya Kigogo ni nyumba fupi ya miti na udongo, yenye paa bapa la udongo, nayo huzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Mgeni huiona ya kimaskini. Basi na aingie saa nane mchana, jua la Dodoma likiwaka, atakuta ubaridi. Usiku wa Julai, upepo ukivuma, atakuta joto. Paa bapa lawezekana kwa sababu mvua zetu ni haba, na juu yake mtama huanikwa. Kule Kwihara, karibu na Tabora, tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872 leo ni makumbusho. Za babu zetu nyingi zilihamwa wakati wa Operesheni Dodoma, mwaka 1971, na tembe isiyokandikwa haistahimili mvua za miaka mingi.

Ukipita kwa gari hutaiona, maana rangi yake ni ya ardhi ile ile. Shuka kwenye basi, tembea. Waamkie wenyeji, keti, kamera ikae mkobani kwanza. (Vijana wa siku hizi huinua simu kabla ya salamu. Haipendezi hata kidogo.) Ukilala hapo kijijini utapata saa mbili zilizo bora: alfajiri jua linapochomoza, na jioni linapokaribia kutua. Hapo kila alama ya kidole ukutani huonekana. Saa sita ukuta hupauka wote. Ndani mna giza, kwa hiyo iweke kamera juu ya kigoda isitikisike, na mlango uwe wazi. Usisahau panda za nguzo zinazobeba boriti. Atakayetaka kujenga tena atauliza hizo kwanza, si sura ya mbele.

Nyuma ya kila picha andika kijiji, mwaka, na majina ya miti kwa Kigogo. Mzee aliyejenga atakutajia. Mwanawe huenda asiijue.

Likizo ijayo, ninyi mnaotoka Mvumi, Bahi na Mpwapwa, anzeni kwa bibi zenu. Nakala moja mpeni mwenye nyumba, ya pili ileteni maktaba ya shule. Gharama ya kusafisha picha za wanafunzi kumi wa kwanza nitailipa mimi.