Mwani na Majani: Jina na Uhai katika Pwani ya Paje



Huenda mkajiuliza mwanafunzi wa lugha ana shughuli gani na mimea ya baharini. Shughuli yangu ni jina. Katika mazungumzo ya kila siku neno mwani hufunika vitu viwili: mwani wenyewe, usio na mizizi wala maua, na majani ya bahari, ambayo yana mizizi na hutoa maua na mbegu chini ya maji. Wataalamu siku hizi huyaita nyasi bahari.

Mwaka 1989 kilimo cha mwani wa biashara kilianza Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wakulima, wengi wao wanawake, walipigilia vijiti mchangani maji yalipotoka, wakafunga mwani kwenye kamba. Tangu hapo mwani ukawa na bei. Majani hayakuwa nayo, na mahali pengine yaling'olewa ili kusafisha shamba. Utafiti uliofanywa Ghuba ya Chwaka ulionyesha kuwa chini ya mashamba hayo majani huwa haba kuliko pasipolimwa. Simlaumu mkulima: mwani ulimpa mwanamke wa pwani fedha yake mwenyewe.

Kisha zikaja hoteli. Mgeni hutaka mchanga mweupe, hivyo majani yaliyotupwa ufukweni na mawimbi huonekana kuwa uchafu. Aidha, mwamba wa matumbawe una matundu. Maji ya mashimo ya choo yakipenya hadi baharini huwa mbolea ya miani midogo, nayo huyagandamia majani na kuyanyima mwanga.

Hata hivyo, mvuvi wa dema anajua tasi na pono hula wapi, na mama anayeokota chaza wakati wa bamvua anajua apite wapi. Nguva naye, aliyekuwa akila majani hayohayo, amekuwa nadra mno katika pwani yetu.

Pendekezo langu ni dogo. Kabla wazee hawajatutoka, tukusanye majina wanayoyapa majani haya, aina kwa aina, kijiji kwa kijiji, na tuyaingize katika kamusi na vitabu vya shule. Mtoto wa Paje anayefundishwa kwamba yote ni mwani hatajua kilichopotea siku bahari itakapobaki mchanga mtupu.