Maji Kwanza, Samaki Baadaye: Tangi la Samaki Nyumbani kwa Gharama Ndogo

Mazungumzo kwa wakazi wa kata za kando ya Ziwa Viktoria



Mtoto anaporudi nyumbani na samaki wawili wadogo wa rangi ndani ya chupa ya maji, furaha huwa ya nyumba nzima. Samaki hutiwa katika bakuli la kioo, hulishwa mara tatu kwa siku, na kila mgeni huitwa awatazame. Siku ya nne maji huanza kuwa na ukungu. Siku ya sita samaki mmoja huelea ubavu. Mzazi hununua wengine, nao hufa vilevile. Hatimaye bakuli hugeuka chombo cha kuwekea funguo, na jirani huambiwa kwamba kufuga samaki wa mapambo ni starehe ya matajiri.

Hukumu hiyo si ya haki. Fedha ya mzazi huyo haikuliwa na kioo wala na chakula. Ililiwa na haraka. Aliyenunua samaki jozi tatu akabaki na bakuli tupu ametumia fedha ambayo huenda ingetosha kujenga tangi la kudumu miaka.

Ni vyema kwanza kufahamu kinachowaua samaki hao. Samaki hutoa taka ndani ya maji yaleyale anayopumulia. Taka hizo, pamoja na mabaki ya chakula, huzaa amonia, ambayo ni sumu kwake hata ikiwa kidogo. Katika ziwa au mto, bakteria wasioonekana kwa macho huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili zaidi na mimea huitumia kama mbolea. Katika tangi jipya bakteria hao hawajawa wengi wa kutosha. Huchukua wiki 4 hadi 6 kuzaliana katika changarawe na katika chujio. Anayetia samaki siku ya kwanza huwatia katika nyumba isiyo na choo.

Basi kanuni ya kwanza ya mwenye mfuko mdogo ni hii: tangi hutangulia, samaki hufuata. Tangi hujazwa maji, chujio huwashwa, na chembe chache za chakula cha samaki hudondoshwa kila siku ili zioze na kuwalisha bakteria. Mwenye rafiki aliye na tangi lenye afya anaweza kuomba kipande cha sponji iliyokwisha kutumika katika chujio lake. Kipande hicho huleta bakteria walio tayari na hupunguza muda wa kungoja, bila kugharimu hata shilingi moja.

Pili ni chombo chenyewe. Bakuli dogo la duara ni rahisi dukani, lakini ni ghali nyumbani, kwa sababu maji machache huchafuka upesi na hupata joto upesi. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 huchukua lita 54 likijaa, nalo ni kubwa vya kutosha kumsamehe mgeni makosa yake. Fundi anayekata vioo vya madirisha anaweza kukata vipande vitano vya kioo cha milimita 6. Kwa jumla havifiki mita moja ya mraba, na mara nyingi hupatikana katika mabaki ya kazi nyingine. Vipande huunganishwa kwa silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo huwadhuru samaki. Kisha huachwa wiki nzima vikauke. Tangi hujazwa kwanza uani na kuachwa usiku na mchana, ili kama linavuja, livuje huko na si juu ya zulia. Anayenunua tangi lililotumika afanye jaribio hilohilo kabla ya kulipa.

Uzito wa tangi usipuuzwe. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukiongeza kioo na changarawe, tangi hilo huzidi kilo 65, yaani mfuko wa saruji wa kilo 50 na zaidi. Meza ya kahawa haiwezi kuaminiwa kubeba mzigo huo. Matofali na ubao mnene huubeba vizuri. Kipande cha povu gumu, kama lile linalokuja ndani ya boksi la televisheni, kikiwekwa chini ya tangi husawazisha uso na kuzuia kioo kupasuka. Changarawe ya mtoni hufaa, mradi ioshwe mpaka maji yake yawe meupe.

Tatu ni umeme. Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa latosha. Pampu ya wati 5, ikifanya kazi usiku na mchana kwa siku 30, hutumia yuniti 3.6 tu za LUKU. Kipasha maji cha wati 50, kikiwaka nusu ya muda huo, hutumia yuniti 18. Kwa bahati njema, kando ya ziwa hili maji yaliyo ndani ya nyumba kwa kawaida hubaki na joto linalowafaa samaki wadogo wa nchi za joto, kwa hiyo kipasha maji ni gharama inayoweza kuachwa. Pampu iwekwe juu kuliko uso wa maji, umeme ukikatika maji yasirudi kwa mpira mpaka ndani yake. Kukatika kwa saa chache hakuui samaki ikiwa ni wachache. Yatosha kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu mara kwa mara ili yapate hewa.

Nne ni uchaguzi wa samaki. Katika lita 54, gapi sita wanatosha kwa kuanzia. Gapi ni samaki mdogo, mvumilivu, mwenye mkia wa rangi, na asili yake ni Amerika ya Kusini. Madume peke yao huwa na bei ileile lakini hawaleti mzigo wa watoto. Jike mmoja huzaa takriban kila mwezi, na huweza kuendelea kuzaa kwa miezi kadhaa baada ya kutengwa na dume, kwa sababu huhifadhi mbegu mwilini. Sato mchanga aliyevuliwa na watoto ufukoni hafai kabisa: hukua akazidi tangi, nao mwisho wake huwa sufuria au mateso.

Matunzo ya kila wiki hayana gharama kubwa. Robo ya maji, yaani lita kama 12, hutolewa na kuwekwa mengine. Maji ya bomba yenye klorini huachwa wazi katika ndoo kwa siku moja ili klorini itoke, nayo ndoo hufunikwa kwa kipande cha chandarua ili mbu wasitage. Maji yaliyotolewa tangini yana nitrati na huifaa sana bustani ya mchicha. Sponji ya chujio huoshwa katika maji hayo ya tangi, kamwe si chini ya bomba, kwa kuwa klorini huwaua bakteria waliongojewa kwa wiki nyingi. Chakula hutolewa mara moja kwa siku, kiasi kinachomalizika kwa dakika mbili. Samaki wengi wa nyumbani huuawa na ukarimu kuliko njaa.

Liko jambo moja la mwisho, nalo halihusu mfuko wa mtu mmoja bali mali ya wote. Mfugaji akichoka, au akihama, hushawishika kuwaachia samaki wake ziwani, akidhani anawatendea wema. Wakazi wa kando ya ziwa hili wana sababu ya kukataa wema huo kuliko watu wengine. Gugu maji, linaloziba mialo na kunasa nyavu, ni mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake, nalo lilionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950. Ameleta biashara kubwa, lakini alipoongezeka, aina nyingi za furu, samaki wadogo ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, zilitoweka. Wazee waliovua kabla ya hapo wanakumbuka furu waliokuwa wakijaa nyavuni.

Kwa hiyo samaki wa tangini, konokono wake na mimea yake visitupwe ziwani, mtoni wala katika mfereji wa mvua. Samaki asiyetakiwa arudishwe kwa muuzaji au apewe mfugaji mwingine. Aliyekufa azikwe, na mmea ukaushwe juani kabla ya kutupwa. Aidha, anayetaka kuvua furu ili amfuge au amuuze kama samaki wa mapambo amwone kwanza afisa uvuvi, kwa kuwa uvuvi na biashara ya samaki husimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Afisa huyo hupatikana katika halmashauri, na ofisi ya mtendaji wa kata humwelekeza mkazi namna ya kumfikia.

Ndugu wakazi, tangi la samaki si starehe ya tajiri. Linahitaji vipande vitano vya kioo, sponji, pampu ndogo, ndoo moja ya maji kwa wiki, na wiki chache za subira ambazo haziuzwi dukani. Mtoto anayetazama tangi lenye maji tu kwa mwezi mzima, huku akielezwa kwa nini samaki hawajaja, anajifunza jinsi maji yanavyoishi. Huenda ndiye atakayesimama kesho mwaloni na kumzuia mwenzake asimwage ndoo ziwani.