Ushuru wa Nyumba katika Kisiwa Kidogo

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama barazani



Tumeombwa tuzungumze juu ya ushuru umpatao mtu anunuaye nyumba si kwa kukaa bali kwa kutafuta faida. Wengi hulidhania jambo hili kuwa ni la matajiri na makarani wao. Sivyo hata kidogo. Anunuaye nyumba kumi ndiye ampangiaye bei mwalimu atafutaye vyumba viwili, na sharia ya ushuru ina sauti kubwa katika kuamua kama mtu huyo atanunua kumi au moja.

Mfano wetu ni Singapore, kwa kuwa nacho ni kisiwa. Ardhi yake haifiki nusu ya ardhi ya Unguja, na wakaazi wake wamepita milioni 6. Sehemu kubwa ya ardhi ni ya dola, na raia walio wengi hukaa katika nyumba zilizojengwa na Bodi ya Nyumba iliyoundwa mwaka 1960, ambazo huzinunua kwa mkataba wa miaka 99. Lakini nyumba za ghorofa za watu binafsi mgeni ana ruhusa kuzinunua, na fedha za nje zilipoingia kwa wingi, bei nazo zikapanda.

Serikali ya huko haikumfungia mgeni mlango. Ilimtoza. Mwezi wa Disemba 2011 iliweka ushuru wa stempu wa ziada, juu ya ule wa kawaida, na mgeni akatakiwa alipe asilimia 10 ya bei. Mwaka 2013 ikawa 15, mwaka 2018 ikawa 20, mwaka 2021 ikawa 30, na Aprili 2023 ikaruka hadi 60. Basi mgeni akinunua nyumba ya dola milioni moja za huko, huilipa Serikali laki sita ndani ya siku 14 tangu kutia saini, kabla hajapokea hata senti moja kwa mpangaji. Kampuni hulipa asilimia 65. Raia hatozwi ziada hiyo kwa nyumba yake ya kwanza, lakini ya pili ni asilimia 20 na ya tatu 30. Hapa ndipo penye busara: hata mwana wa nchi huulizwa anazo ngapi.

Kodi ya faida itokanayo na kuuza mali, kwa kawaida, huko hakuna. Lakini mwenye kununua na kuuza mbio mbio hasalimiki. Tangu Julai 2025, auzaye nyumba ya kukaa ndani ya mwaka wa kwanza hutoa asilimia 16 ya bei, wa pili 12, wa tatu 8, wa nne 4. Tena kila mwaka nyumba hukadiriwa pango ambalo ingeweza kuleta, na kodi hutozwa juu ya makadirio hayo. Mwenye kukaa mwenyewe huanzia asilimia 0, asiyekaa huanzia 12 hadi 36. Nyumba iliyofungwa kufuli nayo hulipa.

Sharia hiyo haikukosa matundu. Raia wa Marekani hutozwa kama mwenyeji, kwa sababu ya mkataba wa biashara baina ya nchi mbili hizo. Na wenyeji wengine walizua hila: mmoja hununua nyumba, kisha humuuzia mwenziwe mwenye nyumba nyingine fungu moja katika mia, ili ushuru mzito uliangukie fungu hilo dogo tu. Mamlaka ya Mapato ya huko iliwafuatia mwaka 2023.

Hatusemi asilimia 60 ibandikwe hapa kama ilivyo. Wao wana bandari na mabenki ya dunia nzima, sisi bado tunawahitaji wajenzi. Lakini pale Fumba na katika vijiji vya pwani ghorofa zinauzwa kwa wageni leo, na yatupasa tujue ni chombo gani kimo mikononi mwetu. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, wala Baraza la Wawakilishi haliwezi kuigusa. Ushuru wa stempu haumo katika orodha ya mambo ya Muungano. Ni wetu, na ndio ule ule walioutumia Singapore. Kwa hivyo akija mtu kutuambia kuwa mikono ya Zanzibar imefungwa, tumwulize ni mkono upi.

Ushuru wa namna hiyo hauendi bila ya daftari lionyeshalo nani ana nyumba ngapi, na kwa jina la nani. Matawi yanaombwa yawatake Wawakilishi wao waulize Barazani kama daftari hilo lipo, na kama mwananchi ana ruhusa ya kulitazama.