Mvua Iko Njiani: Tuutumieje Utabiri wa Saa Chache?

Hotuba kwa wakulima na wafanyabiashara, Eldoret



Nitasema machache, kwa sababu wengi wenu mmeacha mahindi juu ya maturubai, na mawingu ya mchana hayana subira.

Kila mkulima wa Uasin Gishu anajua hali hii: asubuhi jua linawaka, saa tisa alasiri radi inapiga Kapseret, na huko Ziwa hakuna hata tone. Mvua ya namna hii huanza na kuisha ndani ya saa chache. Utabiri wa siku saba hauwezi kutaja shamba litakalonyeshewa. Nchi tajiri huifuatilia kwa rada nyingi. Afrika ina chache mno.

Hapo ndipo akili unde inaposaidia. Kompyuta hupewa picha za setilaiti za miaka mingi pamoja na vipimo vya mvua iliyonyesha kweli. Hujifunza wingu la namna fulani, lililokua kwa kasi, lilileta nini baada ya saa mbili. Kisha hutazama picha mpya, zinazofika kila dakika 15 hivi, na kukadiria. Hapa kwetu, kituo cha ICPAC cha IGAD kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani katika utabiri wa mvua unaotumia akili unde, ambao hauhitaji kompyuta za mabilioni.

Lakini mashine haiapi kwamba itanyesha. Husema: uwezekano ni asilimia 40. Maana yake, katika siku kumi zinazofanana na leo, nne zitanyesha.

Je, ufunike mahindi? Pima hasara. Kufunika ni kazi ya nusu saa. Mahindi yakilowa huota kuvu, huweza kuingia sumukuvu, na bodi ya NCPB inataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Basi funika hata kwa asilimia 40. Isiponyesha, usiseme umedanganywa. Siku sita kati ya kumi ziliahidiwa kuwa kavu.

Mwenye kibanda kando ya mto Sosiani asingoje hata hiyo 40. Mvua ikinyesha huko juu, upande wa Kaptagat, maji yanaweza kukufikia ukiwa bado unaota jua. Ondoa watoto kwanza, bidhaa baadaye.

Nina ombi moja. Mashine hujifunza kutokana na vipimo vyetu. Shule au kikundi chenye kipima mvua kiandike kila siku saa tatu asubuhi, hata kama ni sufuri. Sufuri nayo ni habari.

Na ukipata tahadhari kwenye simu, mwite jirani ambaye simu yake haina intaneti. Onyo lililobaki mfukoni mwako halijamwokoa mtu.

Sasa twende tukaangalie maturubai.