Kuona Mara Moja Hakutoshi: Asteroidi na Anga ya Afrika Mashariki



Alasiri ya tarehe 14 Agosti 1992, mawe yaliuangukia mji wa Mbale, Uganda, ng'ambo ya Mlima Elgon, takriban kilomita 140 kutoka hapa Eldoret ndege arukavyo. Vipande vilivyookotwa vilikuwa mamia, uzito wake wote karibu kilo 150. Kimoja, cha gramu chache tu, kilipenya majani ya mgomba kikamgonga mvulana kichwani, naye akanusurika. Hakuna darubini iliyokuwa imeliona jiwe hilo likija.

Kwa nini? Swali hilo ndilo lililotuleta hapa, na hoja yangu ni hii: kuiona asteroidi, yaani jiwe kama hilo lingali angani, mara moja ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuiona tena na tena, kutoka pande nyingi za dunia, kabla haijapotea. Katika nusu hiyo Afrika Mashariki ina kiti, lakini hatujakikalia.

Ugumu wa kwanza ni mwanga. Asteroidi haing'ai kwa nguvu zake; tunaiona kwa mwanga wa jua inaourudisha, na zilizo nyeusi zaidi hurudisha chini ya asilimia 5. Nukta hafifu kwenye picha yaweza kuwa jiwe dogo jeupe au jiwe kubwa jeusi. Ukikosea upana mara mbili, umekosea uzito mara nane. Dawa yake ni kupima joto la jiwe badala ya mng'ao wake, kwa miale ya infraredi, na kazi hiyo hufanyika vizuri zaidi nje ya angahewa.

Ugumu wa pili ni jua lenyewe. Darubini za ardhini hufanya kazi usiku, kwa hiyo hutazama upande uliolipa jua kisogo. Jiwe linalotoka upande wa mchana hutufikia bila kuonwa. Ndivyo ilivyotokea Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013. Jiwe la upana wa takriban mita 20 lilipasuka juu ya mji, vioo vikavunjika, na watu wapatao 1,500 wakajeruhiwa. Darubini ya NEO Surveyor, ambayo NASA imepanga kuirusha mwaka 2027, itakaa umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani ili ichungulie karibu zaidi na jua.

Ugumu wa tatu ni mwendo. Simama kando ya barabara ya Iten asubuhi. Mkimbiaji anayekatiza mbele yako unamwona akihama kutoka mti hadi mti. Anayekujia moja kwa moja kutoka mbali huonekana kama amesimama, kisha ghafla amekufikia. Kompyuta hutafuta asteroidi kwa kulinganisha picha za sehemu moja ya anga zilizopigwa kwa kupishana dakika chache, na kukamata nukta iliyohama. Jiwe linalotujia uso kwa uso huhama kidogo mno, na ni rahisi kulidhania nyota.

Tuseme vikwazo vyote hivyo vimevukwa na nukta imepatikana. Hapo unaanza ugumu wa nne, nao ndio mkubwa: hatujui bado inakwenda wapi. Mwanaastronomia Giuseppe Piazzi aliiona asteroidi ya Ceres kutoka Palermo tarehe 1 Januari 1801, akaifuatilia kwa majuma machache, kisha ikamezwa na mwanga wa jua. Ilibidi Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 24, abuni hesabu mpya ya njia yake, ndipo ikapatikana tena mwishoni mwa mwaka.

Miaka zaidi ya 220 baadaye, tatizo ni lilelile. Asteroidi iitwayo 2024 YR4 iligunduliwa na darubini ya ATLAS nchini Chile tarehe 27 Desemba 2024, siku mbili baada ya kutupita kwa karibu. Uwezekano wa kuigonga dunia mwaka 2032 ulipanda hadi asilimia 3.1 tarehe 18 Februari 2025, kisha kabla mwezi huo haujaisha ukashuka karibu na sufuri. Jiwe halikubadili njia; vipimo ndivyo vilivyoongezeka. Katika majuma hayo, ukanda wa maeneo ambayo lingeweza kuangukia ulilikata bara letu, na jirani yetu Ethiopia pamoja na Sudan zilitajwa. Vipimo vilivyoondoa hofu hiyo vilifanywa kwingine.

Sudan, hata hivyo, ina somo lingine la kutufundisha. Tarehe 6 Oktoba 2008, Richard Kowalski aliona kutoka Arizona jiwe la upana wa takriban mita 4, likapewa jina 2008 TC3. Lilikuwa limebakiza saa 20 tu kuifikia dunia. Vituo vya nchi mbalimbali vilipokezana kulifuatilia usiku ulivyokuwa ukizunguka dunia, na alfajiri ya tarehe 7 lilipasuka juu ya Jangwa la Nubia, pale pale lilipotabiriwa. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia asteroidi kugunduliwa kabla haijaanguka. Desemba ya mwaka huo Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum, pamoja na mtaalamu wa vimondo Peter Jenniskens, waliwaongoza wanafunzi kuchana jangwa kwa miguu. Waliokota vipande vya kimondo kinachoitwa leo Almahata Sitta, na kwa mara ya kwanza wanasayansi wakashika mkononi jiwe walilokwisha kulipima angani. Chuo hicho hakikuhitaji darubini kubwa. Kilihitaji watu waliokuwa tayari.

Nisiwadanganye: darubini nitakayoipendekeza hivi punde isingeliona jiwe la Mbale, kwa kuwa lilikuwa dogo na lilikuja mchana. Lakini inakadiriwa kwamba asteroidi za mita 140 au zaidi zinazopita jirani na dunia ni takriban 25,000, na zilizokwisha kugunduliwa hazijafika nusu. Darubini ya Vera Rubin, iliyotoa picha zake za kwanza mwezi Juni 2025 huko Chile, italeta nyingine nyingi. Kila moja itahitaji wa kuifuatilia.

Sisi tuko karibu na ikweta, ambako anga ya kaskazini na ya kusini huonekana zote mbili. Eldoret ina mwinuko wa takriban mita 2,100, ila mawingu yetu mnayajua. Nyanda kavu za Samburu na Turkana zinafaa zaidi. Wala mambo ya anga si mageni kwetu: pwani ya Malindi ndiko ilikorushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, na tangu 2017 tuna Shirika la Anga za Juu la Kenya. Napendekeza mambo matatu: darubini ya wastani huko kaskazini, iendeshwe na vyuo vikuu kwa pamoja; kamera za kunasa vimondo kwenye mapaa ya shule; na somo la kukokotoa njia za asteroidi kwa wanafunzi wa fizikia na hisabati.

Tarehe ya mtihani tunaijua. Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029, asteroidi ya Apophis, yenye upana wa zaidi ya mita 300, itapita takriban kilomita 32,000 kutoka usoni pa dunia. Haitatugonga, na Waafrika watakuwa miongoni mwa watakaoweza kuiona kwa macho matupu. Wanafunzi wanaoanza mwaka wa kwanza sasa wanaweza kuwa wamefuzu kuipima siku hiyo, tukianza kuwafundisha muhula huu.