Mwajiri ni Nani? Sheria ya Ajira ya Watoto, Kutoka Kunduchi hadi Mbagala



Ikitajwa ajira ya watoto, mawazo yetu hukimbilia migodini na kwenye mashamba ya tumbaku. Hatukosei. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta watoto wapatao milioni 4.2 wa Tanzania Bara wakitumikishwa, wengi wao kwenye kilimo. Lakini leo nataka tubaki Kinondoni na Temeke, kwa kuwa huku ndiko sisi wenyewe tunakoivunja sheria hii na bado tukalala usingizi.

Sheria yenyewe inasomeka bila taabu. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyefikisha 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala kumtoa shuleni. Mgodini, kiwandani, melini na penye hatari nyingine, hata pasipo rasmi, asubiri 18. Sheria ya Mtoto ya 2009 ikaongeza kwamba asifanye kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na kwamba machimbo, baa na ubebaji wa mizigo mizito ni kazi za hatari kwake.

Sasa twendeni Kunduchi Mtongani, kwenye kokoto. Mama ameketi kivulini na nyundo, na mtoto pembeni ana nyundo yake ndogo. Nani kamwajiri? Mama atakwambia anamsaidia tu akitoka shule. Mwenye lori atasema ananunua mzigo, hakuajiri mtu. Anayejenga nyumba Madale hakumwona mtoto kabisa, aliona kokoto zimemwagwa uwanjani. Kumpeleka mama huyo mahakamani ni kuongeza njaa juu ya njaa, na sidhani kama hakimu mwenye busara angefurahia kesi hiyo. Wa kubanwa ni mnunuzi, maana yeye ndiye anayepanga bei, na ni bei hiyo inayoifanya nyundo ya pili ihitajike.

Majumbani ndiko kwenye uzito zaidi. Shangazi anakwenda Singida mwezi wa kumi na mbili, anarudi Mbagala na binti "aliyemaliza la saba". Nauli amelipa mama mwenye nyumba, na elfu kadhaa zimebaki kijijini. Ukiuliza, unajibiwa: huyu mtoto wa ndugu yangu, nakaa naye tu. Mtoto wa ndugu gani anayeamka saa 10 alfajiri kufua, wakati watoto wengine wa nyumba hiyo wamelala? Undugu ni jambo jema, nami nililelewa kwa ndugu. Lakini mahakama haiangalii mnaitanaje, inaangalia nani anafanya kazi na nani anafaidika nayo.

Na hapa wengi hushtuka: kifungu cha 5 hakimkamati mwajiri peke yake. Kumtafutia mtu mtoto wa kuajiri kinyume cha sheria nalo ni kosa, kwa hiyo shangazi naye yumo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo cha mwaka 1, au vyote viwili. Tena, umri ukibishaniwa, mzigo wa kuthibitisha hauko kwa mtoto. Ni juu ya aliyemwajiri au aliyemleta kuonyesha kwamba alichunguza na akawa na sababu ya kuamini umri umetimia. "Alionekana mkubwa" si uchunguzi. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, simu moja kwa mwalimu mkuu wa shule aliyosoma: hivyo ndivyo vya kupeleka mbele ya hakimu.

Niseme na kasoro ya sheria yenyewe. Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani, tulioridhia mwaka 1998, unataka umri wa kuanza kazi usipungue umri wa kumaliza elimu ya lazima, ila unaziruhusu nchi zenye uchumi na shule duni zianzie 14. Tukachukua 14, na kwa darasa la saba hesabu ilikaa. Leo Sera ya Elimu, toleo la 2023, inasema elimu ya lazima ni miaka 10. Anayeanza na miaka 6 anamaliza na 16. Kwa miaka miwili, basi, serikali inamwambia mtoto akae darasani na inamwambia tajiri anaweza kumwajiri. Nitaambiwa kazi nyepesi haizuii shule. Kwa anayeuza karanga Jumamosi pale Rangi Tatu, nakubali. Kwa binti anayelala kwa mwajiri, safari ya siku nzima kutoka kwa mama yake, sikubali. Umri wa kazi ya namna hiyo uwe 18, na uandikwe ndani ya kifungu cha 5 chenyewe, usiachiwe kanuni ambazo hakuna anayezisoma.